Ubao wa Misumari Sitini na Tatu

Hakuna mama anayemtazama mtoto mchanga akasema huyu nitamwita Kitasa. Jina lile lilimkuta kazini, likamganda, na sasa hata mkewe akitaka kumsema anaanza na "wewe Kitasa wewe," utadhani ndilo lililosomwa siku ya ndoa.

Kazi yenyewe ni ya funguo. Kibanda chake kiko pale mtaa unapokata kuelekea sokoni. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ukiwa na tumbo kama la shemeji yake kinyozi, unaingia ubavu ubavu. Ndani kuna mashine ya kuchonga inayolia kama mbuzi aliyekanyagwa, jiliwa moja, tupa saba, kopo la grisi, na kiti ambacho mguu wake mmoja ni wa kiti kingine. Shule aliiacha darasa la tano. Si kwa ujinga, msimcheke. Mwalimu alikuwa na fimbo, mjomba wake alikuwa na tupa, akaangalia ipi itamlisha. Na kwa miaka thelathini na zaidi hakuna kufuli lililomshinda. Wapo wanaosema moja lilimshinda, lile la ghala la mbao. Waongo. Lile lilikuwa donge la kutu lenye umbo la kufuli, halihesabiki.

Lakini kilichomfanya awe mtu wa watu haikuwa mashine. Ilikuwa ubao.

Ubao ulining'inia ukutani nyuma ya kiti, una misumari sitini na tatu, kila msumari na ufunguo wake. Zilikuwa funguo za akiba za mtaa mzima. Ukipoteza wako, ukiufungia ndani, mtoto akiutumbukiza chooni, unakwenda kwa Kitasa. Ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, anashusha wa kwako, huo hapo, nenda nyumbani, urudishe kesho. Hakuna malipo, hakuna karatasi. Na hakuna jina hata moja lililoandikwa pale. Yote yalikuwa kichwani.

"Nikiandika majina, mwizi akiuiba ubao ameiba mtaa," alikuwa akisema. "Akiuiba hivi ulivyo, ameiba chuma chakavu."

Maneno hayo aliyapenda kupita kiasi. Aliwaambia wateja, aliwaambia wapita njia, aliwaambia hata waliokuja kuuliza saa.

Na alikuwa na masharti yake. Fundi magari mmoja aliwahi kuja anayumba, anataka ufunguo ambao mkewe aliuacha. Kitasa akamvuta karibu, akamnusa, akamwambia, "Nenda kwanza ukanywe maji, ukakae kivulini. Ukiweza kurudi hapa kwa mstari ulionyooka, nakupa." Yule bwana alirudi mara nne kabla mstari haujanyooka, mtaa mzima umekaa nje unamhesabia hatua.

Udiwani haukutoka kwake. Ulitoka vyooni. Vyoo vya wanawake pale sokoni vilikuwa na milango sita na makomeo sifuri. Wauza mboga walikuwa wanajisaidia huku mguu mmoja umezuia mlango, na mguu una kazi nyingine zake. Kitasa aliandika barua halmashauri mara tatu. Barua ya tatu aliandikiwa na mkewe, kwa sababu mwandiko wa Kitasa ukiutazama unadhani kuku amepita. Hawakujibu. Basi akafunga kibanda siku mbili, akapiga makomeo sita kwa vyuma vyake mwenyewe, akayajaribu moja moja, akaondoka. Wiki iliyofuata wauza mboga wakaja kibandani kumi na wawili, wakasimama barabarani kwa sababu ndani hawaenei.

"Gombea," wakasema.

"Mimi? Mnanitania."

"Aliyepo miaka kumi hajui hata choo kiko wapi. Gombea, Kitasa. Kura tunazo."

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Utahutubia wewe? Wakifika watu watatu unaanza kukuna sikio."

"Dada, niachie mimi," akasema kinyozi, ambaye chumba chake cha kunyolea kimepakana na kibanda. "Huyu shemeji nitamnoa. Kwangu wanaingia vichwa arobaini kwa siku, na hakuna kichwa kinachoondoka chini ya wembe kabla sijakimaliza kusema."

Wakaanza. Kampeni ilikuwa ya miguu, mlango kwa mlango, na Kitasa alijikuta anaipenda. Alikuwa anajua nyumba zote. Alijua taa za njia ya zahanati zimekufa tangu lini, alijua mfereji ulipoziba na aliyeuziba, na alipofika kwenye mlango alikuwa anaanza kwanza kuutia grisi, ndipo anaomba kura. Diwani aliyekuwepo, tajiri wa duka la vifaa vya ujenzi waliyemwita Mabati, alianza kukosa usingizi. Na Mabati akikosa usingizi hakeshi peke yake. Alimtuma wakala wake, mwenye bucha la pale kona, naye wakimwita Bucha tu, mtu mwenye sauti ya kuuza ng'ombe mzima kwa pumzi moja.

Siku ya mkutano wao, Bucha alishika kipaza sauti.

"Jamani, mimi sisemi kitu. Mimi nauliza tu! Mtu ana ufunguo wa nyumba yako ukutani kwake. Mlango wako anaujua kwa kichwa. Ratiba yako anaijua, ukitoka anakuona, ukirudi anakuona. Sasa anataka na ukumbi wa halmashauri! Akishapata vyote, wewe utabaki na nini cha kufunga? Mdomo?"

Watu wakavunjika mbavu. Hata Kitasa aliposimuliwa na kinyozi alicheka, kwa sababu ilikuwa imetungwa vizuri, na yeye mtu wa mzaha anamheshimu mwenzake.

Kesho yake asubuhi ufunguo wa kwanza ukaondoka.

Alikuwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. "Kitasa, nipe ule ufunguo wangu, nimepaka rangi mlango."

Kitasa akampa. Alipokwisha kwenda ndipo akajiuliza rangi ya mlango inahusiana vipi na ufunguo. Mchana akaja muuza mkaa, yeye binamu yake anakuja kukaa. Muuza magazeti alikuwa anabadilisha kufuli, ingawa makufuli yote mtaa ule yalinunuliwa kwa Kitasa na yeye hakununua lolote. Mwalimu mmoja alisema anataka tu kuulinganisha na wa kwake, akaulinganisha kwa sekunde moja, akautia mfukoni. Siku ya tatu watu hawakuleta sababu tena. Waliomba tu, kwa adabu kabisa, "Samahani Kitasa, shikamoo, hujambo na mama, ule ufunguo."

Hiyo adabu ndiyo ilimmaliza. Mtu akija na matusi, unarudisha matusi, unalala. Hawa walikuja kama wanaotoka kumwona mgonjwa.

Na yeye hakukasirika. Alingoja hasira ije, haikuja. Kilichokuja ni ganzi. Kama ile sindano ya daktari wa meno, unajua mdomo upo, unauona kwenye kioo, lakini ukiuminya haujibu. Alikuwa ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama zamani, anashusha ufunguo, anatoa, anaendelea kupiga tupa. Sitini na tatu zikawa hamsini. Hamsini zikawa thelathini na moja. Jioni moja mkewe aliuona mkono wake mezani.

"Wewe Kitasa. Kidole hiki kimefanya nini?"

Akakitazama. Kilikuwa kimesagwa na tupa, damu imekauka mpaka kwenye kiganja.

"Sijui. Labda asubuhi."

"Asubuhi! Na mpaka sasa hukusikia?"

"Nimesema sijui, mke wangu."

Akamfunga kitambaa. Kwa kawaida mwanamke yule angekuwa na mzaha wa kutosha kidole na mkono mzima, lakini siku ile alifunga fundo akaenda kuosha vyombo.

Mlango kwa mlango uliendelea, kwa sababu kinyozi alikuwa hakubali kulala. "Shemeji, kura si funguo," alisema. "Mtu anaweza kuchukua ufunguo akakupa kura. Vichwani mwao kuna vyumba viwili." Lakini sasa watu walifungua milango nusu, mkono mmoja juu ya komeo, komeo ambalo Kitasa alilipiga mwenyewe. Akawa anaomba kura huku anazungumza na komeo. Kibandani, wateja wa kuchonga walianza kusimama badala ya kukaa. Walikuwa wanatazama mikono yake. Mama mmoja mwenye duka la vitabu, mpole kabisa, alimpa ufunguo wa kuchonga akasema, "Mmoja tu, Kitasa."

"Mmoja," akajibu.

Mashine ilipolia na kunyamaza, yule mama akainama akatazama chini ya jiliwa.

Wiki ya mwisho zilibaki mbili. Mmoja ulikuwa wa chumba cha shule ambacho kingekuwa kituo cha kupigia kura. Mwingine ulikuwa wa Bibi wa Kona, ajuza aliyeishi peke yake nyuma ya bucha, na ambaye, msisahau hili, alikuwa mama mkwe wa Bucha mwenyewe.

Mlinzi wa shule alikuja siku mbili kabla ya uchaguzi. "Kaka, mimi sina neno na wewe. Ila mwalimu mkuu kasema, mgombea asije akaonekana na ufunguo wa kituo."

"Hiyo ina maana," akasema Kitasa, na ilikuwa kweli. Ilikuwa sababu ya kwanza yenye akili tangu mambo yale yaanze. "Lakini usiuweke pamoja na ule wa kwako wa kila siku."

"Nizitenganishe, mmoja upotee? Nitazifunga na uzi."

"Ndiyo nakwambia usizifunge na uzi."

"Kaka, hii ni kazi ya ulinzi. Wewe chonga." Akazifunga hapo hapo kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, akaenda zake akizirusha na kuzidaka.

Usiku ule haukuwa na maneno mengi nyumbani. Wakati wa kula mkewe alimuuliza kinachomkaa kichwani.

"Umebaki wa Bibi peke yake," akasema Kitasa.

"Nakuuliza uchaguzi, unanijibu ubao."

"Udiwani sitaki, mke wangu. Sikuutaka tangu mwanzo. Nataka kujua kama walivyozichukua ndivyo wanavyoniona. Nikishinda, basi walitishwa tu, watazirudisha. Nikishindwa, basi ndivyo nilivyo kwao siku zote."

"Na Bibi je?"

"Bibi hasikii vizuri. Pengine hajaambiwa."

Asubuhi ya kura, foleni ilikuwa imezunguka uwanja wa shule kabla jua halijachangamka. Kitasa alisimama nyuma ya kamba iliyofungwa hatua ishirini toka mlangoni, kwa sababu mgombea haruhusiwi kusogea zaidi ya hapo mpaka aitwe kupiga kura yake. Msimamizi wa kituo, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi, alimwambia mlinzi afungue.

Mlinzi akapapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Akavua kofia akatazama ndani. Kisha akaenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, akatazama ndani kwa muda mrefu sana.

"Ziko wapi?" akauliza msimamizi.

"Ziko salama," akasema mlinzi.

Zilikuwa mezani. Zote mbili, zimefungwa kwa uzi mwekundu, kando ya masanduku ya kura. Jana jioni alipanga viti, akaziweka mezani apate mikono, akatoka, akalibonyeza kufuli. Kufuli lile ni la kubonyeza, halihitaji ufunguo kujifunga. Linauhitaji kufunguka.

Foleni nzima ilikwenda dirishani kwa zamu kutazama, kama watu wanaomuaga marehemu. Kila aliyerudi alikuwa na ushauri. Wakaleta ufito na waya, mlinzi akapenyeza kati ya nondo, akavua, akavua, akazigusa, zikaanguka chini zikateleza mpaka nyuma ya sanduku.

"Sasa ziko salama zaidi," mtu akasema.

"Vunja," akasema mwingine.

"Hakuna kuvunja!" akasema msimamizi. "Kufuli hilo hilo ndilo limeandikwa namba kwenye fomu yangu. Likivunjwa kituo hiki kinafungwa. Na ikifika saa tatu hakijafunguliwa, kinafungwa pia."

Hapo macho mia mbili yakageuka. Yakamtazama Kitasa nyuma ya kamba.

Kinyozi akamnong'oneza, "Shemeji, hiyo si kazi ya dakika moja?"

"Nusu," akasema Kitasa.

"Nenda basi!"

"Akivuka kamba," akapaza Bucha, ambaye alikuwa ameketi mlangoni na kitambulisho chake cha wakala kifuani, "akigusa mlango ule, naandika pingamizi! Mgombea kafungua kituo kwa mkono wake! Kura zote za hapa zifutwe. Mimi sisemi kitu, nasema sheria." Alikuwa anatabasamu mpaka magego. Alijua vizuri kwamba kituo kile ni mtaa wa Kitasa. Kikifutwa, Mabati anarudi. Kikifungwa, Mabati anarudi vile vile.

Kitasa alilisikia hilo, akalielewa, na halikumchoma. Alitazama kufuli tu. Namba nne, la shaba, alimuuzia mwalimu mkuu mwaka juzi.

Aliyeingilia kati ni Bibi wa Kona. Alikuwa wa tatu kwenye foleni, amekalia ndoo iliyogeuzwa.

"Wewe mkwe wangu."

Bucha tabasamu likamtoka. "Naam, mama."

"Nimekuja hapa nyota hazijalala. Miguu hii unaijua. Kwani wewe umekaa hapo kama nani?"

"Wakala, mama."

"Wakala anaruhusiwa kugusa mlango?"

Msimamizi akafunua karatasi zake, akasoma kwa kidole. "Hakuna mahali panapomkataza, mbele ya mashahidi."

"Basi fungua, mwanangu. Mwenzako akwambie, wewe ufanye. Au mikono yako inajua kukata tu?"

Ungemwona Bucha. Angeweza kumjibu msimamizi, angeweza kumjibu Kitasa, lakini mama mkwe mbele ya foleni nzima unamjibu nini? Akainuka. Kitasa akatoa mfukoni kipande cha chuma bapa na waya wenye ncha iliyokunjwa, akampa msimamizi, msimamizi akampa Bucha. Na pale, hatua ishirini toka kwa mwalimu wake, mwenye bucha akapiga magoti kwenye kufuli.

"Bapa chini," akapaza Kitasa. "Sukuma kidogo tu. Si kama unachuna!"

"Nimesukuma!"

"Umesukuma sana. Legeza. Sasa waya. Ingiza mpaka mwisho, ndani kuna vijiti vitano. Mguse mmoja mmoja kama unamwamsha mtoto."

"Hawa hawaamki!"

"Wewe unawapiga. Amsha."

Foleni ikafa kwa kicheko. Bucha jasho linamtiririka mpaka kwenye kitambulisho. "Yule wa tatu anarudi chini," akalalamika.

"Mwache, mfuate wa nne, utamrudia. Usikilize. Kinatoa mlio mdogo."

"Wote nyamazeni!" Bucha akageuka akafoka. "Nasikiliza!"

Uwanja ukanyamaza. Watu mia moja wamesimama wanasikiliza kufuli. Halafu likasema tk, na upinde wake wa chuma ukaruka, na Bucha akaruka nao, mikono juu, "Nimelifungua! Jamani nimelifungua!" Amesahau yeye ni wakala wa nani. Watu wakapiga makofi, kinyozi akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi, na msimamizi akatazama saa, ilikuwa imebaki dakika nane.

Kitasa alikunja mikono nyuma ya kamba. Alijua angepaswa kufurahi. Akajiminya kiganja kwa ukucha kutazama kama kipo.

Akashinda. Kwa kura mia moja na kumi na saba zaidi ya Mabati, karibu zote kutoka chumba kile kile. Walipomtangaza, kinyozi alimbeba mgongoni mpaka mgongo ukagoma, wauza mboga wakaimba, mkewe akalia kisha akacheka kwamba amelia. Watu waliojaa mlangoni kwake walimpa mikono yote miwili. Yeye aliitikia, asante, asante sana, ndiyo, nashukuru. Alikuwa anaitazama ile mikono inapofunguka, kila mmoja, kama kuna kitu ndani yake.

Kesho yake alifungua kibanda mapema, akafuta vumbi kwenye misumari yote. Kwa kitambaa, mmoja baada ya mwingine. Akakaa.

Watu walikuja! Tangu kibanda kijengwe hakikuwahi kuona watu kama wale. Walikuja na barua za kugongewa muhuri ambao hana, na kesi za mipaka, na ombi la taa, na mwana anayetafuta kazi. Wakamwita mheshimiwa. Fundi cherehani alileta kipande cha kitambaa apimwe suti. Muuza mkaa akaleta malalamiko ya kurasa mbili. Ufunguo hakuleta mtu. Siku ya kwanza alisema bado wana sherehe. Siku ya pili aliifuta misumari tena.

Siku ya tatu akaja Bucha, amechangamka, wameshakuwa marafiki, angalau upande wake.

"Mheshimiwa, nataka kufuli."

"La aina gani?"

"Lile ambalo mtu hawezi kulifungua kwa waya. Tangu siku ile silali. Kama mimi, mimi mwenye mikono hii, nimelifungua, si kila mtu anaweza? Nataka ambalo hata wewe huliwezi."

"Hilo halipo."

Bucha akacheka sana, akampiga bega. "Nakujua wewe!" Akachukua mawili makubwa kuliko yote. Funguo zake za akiba akazitia mfukoni zote.

Kinyozi alikuwa mlangoni anatazama. Bucha alipoondoka akasema, "Shemeji, si nilikwambia? Vyumba viwili. Kata wamekupa."

"Wamenipa."

"Sasa?"

"Hakuna, shemeji. Nenda, una mtu kwenye kiti."

Siku ya sita, siku moja baada ya kuapishwa, Bibi wa Kona alikuja taratibu na fimbo yake. Kitasa akainuka, akampa kiti, akashikilia ule mguu wa kuazima usiteleze.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mheshimiwa."

"Na wewe Bibi? Mimi Kitasa."

"Si ndilo jina lako sasa? Nipe ule ufunguo wangu."

Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ukakaa hewani kidogo. "Kumbe umesikia yale maneno."

"Ya mkwe wangu? Niliyasikia kabla yenu wote. Aliyaanzia jikoni kwangu, anajaribu kama yanachekesha. Nikamwambia, nina kitanda na redio. Kitasa akivitaka aje mchana, nimsaidie kubeba."

Kitasa akamtazama. "Ulijua muda wote?"

"Masikio mabovu, mwanangu, kichwa kizima."

"Sasa kwa nini unauchukua leo?"

Bibi akaweka fimbo magotini. "Jana nilitoka kumwaga maji, upepo ukaufunga mlango. Nikaja hapa. Kibanda kimefungwa. Nikachungulia kwenye ufa, nikauona ufunguo wangu, ule pale ukutani. Nikakaa kwenye hii ngazi mpaka mchana. Wakasema uko halmashauri, unaapishwa, unapigwa picha, wakamtuma mtoto akapenya dirishani kunifungulia. Sikulaumu. Ndiko tulikokutuma."

"Bibi, ilikuwa siku moja tu."

"Basi niambie utakuwa unakaa hapa kama zamani, nikuachie. Niambie tu, nitakubali."

Kitasa alikuwa ameahidi taa za zahanati. Alikuwa ameahidi mfereji, barua kujibiwa, milango ya vyoo vya shule zote tatu. Kwa mwezi mzima kinywa chake kilitoa ahadi kama bomba lililopasuka, na zote alikusudia kuzitimiza. Sasa alikifungua mbele ya Bibi kizee mmoja, na hakikutoa kitu. Kesho kulikuwa na kikao. Keshokutwa kulikuwa na kamati. Karatasi ya ratiba ilikuwa pale pale, chini ya kopo la grisi.

Akaushusha ufunguo. Akaufuta, akaupaka grisi kidogo kwenye meno, akamwekea kiganjani.

"Utampa nani akuwekee?"

"Nimpe nani? Mkwe wangu? Ataupima kilo na mifupa." Akauvalisha kwenye kamba ya shingoni, akautumbukiza ndani ya nguo. "Nitalala nao. Haya, mwanangu. Usiache kula huko."

Akaenda, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Kitasa alibaki amesimama, na ndipo vidole vikaanza. Kwanza ncha, halafu kiganja kizima, vichomi vidogo vidogo kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka. Kile kidole kilichosagwa na tupa kikauma kwa nguvu kama kimekatwa sasa hivi. Akakishika kwa mkono wa pili, akakaa nacho.

"Mheshimiwa!" kinyozi akaita toka nje. "Gari la halmashauri limefika. Wanapiga honi!"

"Nakuja, shemeji."

Akazima mashine. Akauangalia ubao, misumari sitini na tatu, safi, inang'aa. Akatoka, akavuta mlango, akalishika kufuli la kibanda, lile la kubonyeza. Kwa miaka thelathini alilibonyeza bila hata kulitazama. Safari hii aliweka mkono mfukoni, akaugusa ufunguo, akautoa, akauona kwa macho, akaurudisha, akaugusa tena, ndipo akabonyeza.